Jani Kwenye Usukani

Kila nilipomtembelea jirani yangu nikiwa na baiskeli, alitoka kwanza na jiwe. Shikamoo yangu ilisubiri. Alilisukumia jiwe nyuma ya tairi, akalikanyaga kuhakikisha limekaa, ndipo akaitika, "Marahaba, Mwalimu. Karibu ndani." Nilimweleza mara nyingi kwamba baiskeli iliyoegemezwa ukutani haina pa kwenda, na kwamba uwanja wake ulikuwa tambarare kama meza.

"Tambarare ndiyo mbaya," alinijibu. "Inakudanganya."

Nilidhani ni kichaa kidogo cha uzeeni. Nilikuwa na miaka ishirini na minane, nimerudi Sumbawanga kufundisha sekondari nikiwa na shahada ya uchumi, na nilikuwa nimejaliwa kipaji cha kuwaelewa watu haraka na kimakosa.

Mtaa mzima ulimwita Dereva, ingawa nilipomfahamu hakuwa na kazi wala gari linalotembea. Ofisi ya umma aliyoitumikia ilikuwa imempunguza, kisha yenyewe ikapunguzwa, ikabaki kuta na bango. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, serikali ikijivua mashirika yake kama mtu aliyeingia kwenye joto na makoti matatu. Kwenye mnada wa mali za ofisi watu waligombania meza, mabati, hata milango. Lakini ile Landrova iliyolala nyuma ya ghala hakuna aliyeitamkia bei. Paa lilikuwa limebonyea, majani yameota kwenye sakafu, na kuku walikuwa wakitaga kwenye kiti cha nyuma. Dereva akainua mkono. Dalali akamwuliza mara mbili kama anaelewa anachonunua.

Gari lilivutwa na trekta mpaka kwake, likapita mbele ya dirisha langu. Mkewe, Mama Dereva, alisimama mlangoni mikono kichwani, kama anayepokea maiti.

Hakuwa amekosea sana. Gari lile lilikuwa limeua, na mji wote ulilijua. Katika miaka ya uhaba, dereva mwenzake, mtu wa Mwimbi, aliambiwa alichukue haraka apeleke dawa za mifugo Kasanga, ziwahi boti ya kwenda vijiji vya ziwani. Kwenye mteremko wa kushukia ziwani likaacha barabara. Ripoti ya ofisi ikaandika mwendo wa kasi. Watu wakaongezea pombe, kwa sababu mwendo wa kasi peke yake haunogi. Marehemu aliacha mjane na watoto, na watoto hao walikua Mwimbi wakiitwa watoto wa mlevi, ingawa baba yao, kwa mujibu wa kila aliyemjua, hakunywa hata pombe ya ulezi siku ya kipaimara cha mwanawe mwenyewe.

Hilo ndilo gari jirani yangu alilolileta nyumbani kulifufua.

Alilifungulia kwenye kibanda cha mabati kando ya jiko. Alikuwa na utaratibu. Kila alichokifungua alikiosha kwa dizeli, akakilaza juu ya magunia kwa mpangilio kilivyotoka, hivi kwamba ukisimama mlangoni uliliona gari zima limelala chini, limepasuliwa. Fremu aliikwangua kutu kwa brashi ya waya miezi mitatu, na upepo wa Juni, ule unaowafanya wageni waulize kama kweli hapa ni Tanzania, ulipeperusha vumbi jekundu mpaka kwenye nguo nilizoanika. Sikulalamika. Nilikuwa kijana wa kisasa; nilinung'unika kimoyomoyo.

Injini ya petroli aliitupa. Akapata ya dizeli, ya Kijapani, iliyotoka kwenye pikapu iliyopinduka Tunduma, akaikalisha pale kwa vyuma alivyochomelewa mjini. Springi aliziongezea jani moja moja la chuma. Lakini kwenye breki ndiko alikohamia. Mbele aliweka breki za diski kutoka gari jingine kabisa. Akafunga sevo ya kuusaidia mguu kukanyaga. Akatenganisha mfumo wa mbele na wa nyuma ili mmoja ukifa mwingine ubaki. Akaongeza handbreki ya pili.

Msukuma mmoja aliyetuletea maziwa asubuhi, mtu mrefu mwenye mdomo usiopumzika, alikuwa akisimama na madumu yake kuangalia.

"Mzee, hili ungelichunga kama ng'ombe lingekuwa limeshazaa."

"Wewe chunga wako wasile mahindi ya watu."

"Sasa hizo breki zote! Zimezidi magurudumu. Litakubali kweli kuondoka?"

"Kuondoka si kazi," akasema Dereva kutoka chini ya gari.

"Kazi ni nini?"

"Kusimama."

Msukuma akacheka mpaka maziwa yakamwagika. Kutoka chini ya gari hakukuja kicheko.

Mimi kazi yangu ilikuwa kitabu. Gari lilikuwa na kitabu chake cha ufundi, cha Kiingereza, kimeliwa na mchwa pembeni, na Dereva alikuwa amesoma mpaka darasa la nne la mkoloni. Alasiri nilikalia ndoo na kutafsiri. Ndiyo matumizi pekee ya maana ambayo shahada yangu imewahi kupata. Nilikuwa naweza kueleza kuporomoka kwa bei ya mazao duniani, lakini sikujua paipu ya breki inaanzia wapi, kwa hiyo nilitafsiri neno kwa neno, na Dereva alisikiliza huku mikono yake ikiendelea kufanya kitu kingine, ambacho kila mara kilikuwa ndicho sahihi.

"Kitabu kinasema uanze na skrubu ya juu."

"Aliyekiandika alikuwa na gari jipya."

Alikuwa mtu wa misa ya kila siku. Alfajiri, ukungu ukiwa bado umelalia mikaratusi, nilisikia viatu vyake vikipita kwenda kanisani. Hata hivyo, padre alipojitolea kuja kulibariki gari, alikataa kwa adabu. Mama Dereva alikasirika. Watu walikuwa wanasema gari lina mzimu. Nchi nzima tayari inatuuliza sisi watu wa Sumbawanga habari za radi na uchawi, na sasa mumewe anamfukuza padre?

"Likibarikiwa," alisema Dereva, "watu watalipanda bila kuuliza."

Na jambo jingine: hakukaa kwenye kiti cha dereva. Mtu aliyeendesha magari miaka ishirini na tano alipiga magoti nje ya mlango na kubonyeza kanyagio la breki kwa kiganja, akisikiliza. Wengine waliofiwa huona watu. Yeye alisikia kanyagio likigonga sakafu. Tukiwa mezani, katikati ya ugali, mguu wake wa kulia ulikandamiza ardhi ghafla, ukabaki pale, na macho yake yakawa mbali. Mama Dereva aliniambia siku moja, akichambua maharage, kwamba usingizini hukanyaga hivyo hivyo. "Ubao wa miguuni ameshauvunja mara mbili. Fundi wa vitanda ananitazama vibaya." Tulicheka kidogo. Kisha akasema, "Mwalimu, muulize wewe. Mimi hanijibu."

Kuna desturi ambayo lazima niieleze, kwa sababu waliozaliwa wakati maduka yamejaa hawataielewa. Katika miaka ya uhaba spea hazikuwapo. Gari bovu lilikuwa ghala la magari mazima. Madereva walichomoa kwa lile wakaweka kwa hili, na gari zima likisimama wiki moja nalo lilianza kuchomolewa. Ili wasiuane, wakawa na sheria yao isiyoandikwa popote. Ukichomoa kitu kwenye gari, unakata tawi bichi na kulilaza kwenye usukani. Maana yake: usiwashe kabla hujaniuliza. Na jani hilo huondolewa na aliyeliweka, si mwingine. Meneja mmoja aliwahi kwenda kwenye mkutano kwa miguu, na tai yake shingoni, kwa sababu ya tawi la mkaratusi.

Dereva alizungumza sana juu ya jani. Alizungumza kabla hatujamuuliza. Mara ya kwanza aliniambia kwamba siku ile ya ajali alikuwa ameliweka, ila mbuzi waliingia uani wakalila, maana gari halikuwa na kioo. Miezi ikapita, akaniambia upepo ulilichukua. Mara nyingine alikuwa mfagiaji, aliyelitupa kwa sababu mgeni mkubwa alikuwa anakuja. Mimi, mtaalamu wa kuelewa watu, nilihitaji matoleo matatu ndipo nikajiuliza kwa nini jani moja liondolewe mara tatu.

Jibu lilikuja kwa njia ya kitabu. Tulikuwa tumefika kwenye magurudumu ya nyuma.

"Kinasema kila gurudumu lina silinda yake ndogo ya breki," nikasoma. "Ikiharibika, gari lisiendeshwe."

"Kinasema hivyo?"

"Lisiendeshwe kabisa."

Akafuta mikono, kidole kimoja kimoja. "Na kama hakuna nyingine nchini?"

Nikageuza ukurasa. "Hilo hakijasema."

Akakaa chini, mgongo kwenye tairi la nyuma la kushoto, akanieleza. Asubuhi ile alitakiwa aende Kipili na gari lake mwenyewe, na silinda ya gurudumu moja ilikuwa imepasuka. Gari la mwenzake lilikuwa limesimama, halina safari. Akachomoa silinda ya nyuma kushoto, akaikunja paipu ya breki kwa koleo na kuigonga nyundo mafuta yasivuje, jinsi walivyozoea wote. Gari la namna hiyo hubaki na breki tatu. Mjini hutagundua. Kwenda Matai hutagundua. Ufipa yote juu ni tambarare, na gari linasimama ukiliambia lisimame. Lakini Ufipa ina ukingo, na ukingoni nchi inaanguka mpaka ziwani, na huko mguu hautoki kwenye breki. Mafuta yakachemka, mkunjo ukafunguka.

"Na jani?" nikauliza.

"Mvua ilikuwa inanyesha," akasema. "Mti ulikuwa upande wa pili wa uwanja. Nikasema nitarudi jioni nirudishe, nani atajua? Hatua kumi na mbili, Mwalimu. Nilirudi baadaye nikazipima."

Hakuna aliyemuuliza kitu wakati ule. Gari lilikuwa limebondeka, ripoti ilitaka sababu fupi, na marehemu hakuweza kujitetea. Na yeye Dereva alikuwa na watoto wadogo. Lakini alitaka kumweleza mjane. Ndiyo sababu ya gari. Alitaka alimalize, aliendeshe mpaka Mwimbi, aseme, kisha kama mama yule atakubali, ampeleke kwenye ule mteremko ambao hajawahi kuuona, ashuke naye salama mpaka Kasanga na kumrudisha.

"Wewe umesoma," akaniambia. "Nimwambie?"

Hapa ningependa kuandika kwamba nilinyamaza. Nilimpa hotuba. Nilisema ukweli usiomfufua mtu ni mzigo unaouhamisha tu kutoka bega lako kwenda bega la mwenzio. Nilisema mama yule ameshatulia. Sikuwa nimewahi kumwona. Nilisema pia mambo kadhaa juu ya mfumo wa uchumi uliowafanya madereva wachomoe spea, na kwamba mwenye kosa ni mfumo. Nilizungumza vizuri sana. Dereva aliitikia kwa kichwa, kwa heshima, kama alivyofanya kitabu kilipokosea, lakini mara hii mikono yake haikufanya kitu sahihi. Alirudi chini ya gari.

Mwaka uliofuata nilihamia Dar es Salaam, kwenye kazi ya utafiti. Gari lilikuwa linabakiza rangi tu. Rangi likaipata; barabara halikuipata kwa miaka tisa.

Nilikuwa nikirudi likizo naliona kibandani, limefunikwa turubai, zima, matairi mapya yakizeeka bila kukanyaga barabara. Kila nilipouliza alisema kuna kitu hakijakaa sawa kwenye breki. Safari moja tuliingia pamoja kwenye duka jipya la spea karibu na stendi. Rafu zilijaa mpaka darini. Dereva akasimama mbele ya visanduku vidogo vya karatasi, vyote vya aina moja, vimepangwa kama biskuti.

"Hizi ni silinda za nyuma za Landrova?"

"Ndiyo, mzee," akasema kijana wa dukani. "Zipo tele. Unataka ngapi?"

Dereva akanyoosha mkono, akakigusa kimoja, hakukichukua. Mguu wake wa kulia ulikuwa umekandamiza sakafu. "Zilikuwa wapi?" akauliza.

"Zimeingia juzi tu, mzee."

Akatoka nje. Nilimkuta amesimama juani, ananiangalia kwa namna ambayo sijaisahau, si kwa hasira. Kama mtu aliyemwuliza mwingine njia na sasa anaona njia ilikuwa ile nyingine.

"Kesho naenda Mwimbi," akasema. "Utanisindikiza."

Kesho yake, Jumamosi, alikaa kwenye kiti cha dereva. Alichukua muda. Mama Dereva alikuwa mlangoni, safari hii mikono haikuwa kichwani. Gari likatoka uani kama halijawahi kulala. Liliendeshwa vizuri mno. Njiani, kila mahali tuliposimama, hata kwa dakika moja, alishuka na jiwe.

Mjane tulimkuta anapeta ulezi. Alikuwa mwanamke mwembamba, ameshakuwa bibi. Alilitazama gari kwanza. Nyumba hii ilikuwa inalijua, hata na rangi mpya.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, baba." Kisha, bila kuondoa macho kwenye gari: "Shemeji, karibu. Umechelewa."

Sijui alimaanisha saa ngapi au mwaka gani. Dereva hakukaa. Alitoa mfukoni kitambaa, akakifungua. Ndani yake kulikuwa na silinda ile ya zamani, ndogo, kama kipande cha gunzi. Akaiweka juu ya ungo mwingine uliokuwa mtupu, akaeleza yote. Koleo. Nyundo. Mvua. Hakumtaja mbuzi wala upepo.

Alipomaliza mama aliokota silinda, akaipima uzito mkononi.

"Mume wangu asingegusa gari lenye jani," akasema. "Hilo nilikuwa nalijua siku zote. Kwa hiyo nilijua halikuwa na jani. Nilichokuwa sijui ni kama lilihitaji."

"Lilihitaji, shemeji."

"Hatua ngapi ulisema?"

"Kumi na mbili."

"Na wanangu wameitwa watoto wa mlevi." Hakupandisha sauti. "Wewe ulikuwa unakuja hapa na mahindi, unakaa pale, unakula, wanakuamkia. Ungeleta neno moja badala ya gunia."

Nilitaka kusema kwamba kosa lilikuwa langu pia, kwamba neno hilo lilizuiwa na hotuba ya mtu mwenye shahada. Nilifungua mdomo. Mama akanitazama, nikaufunga. Ndiyo mara pekee katika habari hii niliyonyamaza, na ndiyo mara niliyotakiwa kusema.

Akainuka. Alikwenda kwenye ua wa boma, akakata tawi bichi, akavuka uwanja taratibu. Nadhani sote watatu tulikuwa tunahesabu. Akafungua mlango wa gari na kulilaza tawi kwenye usukani.

"Kesho Jumapili," akasema. "Baada ya misa utasema tena, watu wakisikia."

Alisema. Alisimama nje ya kanisa, kofia mkononi, akasema mbele ya wazee na wale waliokuwa wakiwaita watoto majina, na silinda ikapita mkono kwa mkono. Wengine walilia. Mzee mmoja alisema kwa sauti, "Basi tumemwomba Mungu amsamehe mtu asiye na kosa." Mtoto mkubwa wa marehemu, mwanaume mwenye ndevu, aliichukua silinda na hakuirudisha.

Tukarudi kwa mjane. Dereva alisimama kando ya gari, akisubiri. Mama aliingia ndani, akatoka na chai, tukanywa, akatushukuru kwa kuja. Jani hakuliondoa. Ikafika saa tisa. Dereva akainama, akakagua jiwe nyuma ya tairi la kushoto, akalikanyaga mara mbili. Kisha tukatembea mpaka barabarani na kupanda lori la mahindi. Hakuwahi kumwomba gari lake, na watu waliomshauri aende polisi aliwauliza kama wao walikuwa madereva.

Mwaka jana nilipita Mwimbi kwa shughuli zangu, kisha nikafika Sumbawanga na kigari changu cha kutoka Japani, mtumba kama mwenyewe. Dereva sasa ni mzee sana, anatembelea fimbo. Mama Dereva aliniambia mumewe bado halali vizuri, ila ubao wa kitanda haujavunjika tangu safari ile. Nilimkuta kwenye kibanda kitupu, amekalia ndoo yangu ya zamani.

"Shikamoo, mzee."

Hakuitikia. Alikuwa anatafuta jiwe. Nilitaka kumsaidia kuinama, akanisukuma kwa fimbo. Aliposhuka mpaka chini, akauliza bila kuniangalia:

"Umepita Mwimbi?"

"Nimepita."

"Umeliona?"

"Nimeliona. Kuku wanatagia ndani. Rangi bado nzuri."

"Na jani?"

Nilikuwa nimesimama dirishani mwa lile gari dakika nzima kabla ya kuondoka, kwa hiyo nilijua jibu. Nilifikiria pia kulibadilisha kidogo. Mazoea ya usomi hayaishi upesi.

"Bichi," nikasema. "La asubuhi ile ile."

Akaitikia kwa kichwa. Akalisukumia jiwe nyuma ya tairi langu, akaegemea fimbo, akainuka, na kulikanyaga mpaka likakaa.

"Marahaba, Mwalimu," akasema. "Karibu ndani."